Mlango Uliomkataa Shemeji

Mimi majina siandiki. Si kwamba nawaogopa, kuogopa nilikwisha kumaliza. Siandiki kwa sababu wote bado tunakutana, sokoni, misibani, kwenye foleni ya maji, na kesi sizitaki. Lakini kila mtu nitamtaja kwa kazi yake na kwa alichonifanyia. Akisoma, au akisomewa, atajijua.

Naishi Chuno, kwenye jengo la ghorofa lililojengwa wakati ule watu wa gesi walipokuwa wanamiminika Mtwara na kila mwenye kiwanja akaona atapangisha wageni. Wageni walikuja, wakaondoka. Sasa wapangaji ni walimu, watu wa bandarini, watumishi wa serikali waliohamishiwa huku wakinung'unika. Mimi nafagia ngazi, napiga deki, nawafulia wanaotaka kufuliwa. Mwenye jengo anakaa Dar es Salaam, na alinipa chumba cha chini, nyuma ya ngazi. Chumba chenyewe ukikaa kitandani unafungua dirisha bila kuinuka. Lakini siku nilipokabidhiwa nililia, kwa sababu kilikuwa ndani ya ule mlango.

Ule mlango ni wa chuma na kioo, na hauna tundu la ufunguo. Pembeni yake ukutani kuna mashine ndogo nyeusi, kama kipande cha sabuni, yenye taa. Kila mpangaji ana tagi, yaani kile kiplastiki kidogo watu wanachokining'iniza pamoja na funguo zao. Unakigusisha kwenye mashine, inalia, taa inakuwa ya kijani, mlango unaachia. Asiye na tagi anagonga kioo, mlinzi akimjua anabonyeza kitufe cha ndani.

Kwa nini nililia, nitasema mara moja na sirudii. Mume wangu alinivunja mkono wa kushoto kwa mchi wa kutwangia, nyumbani kwetu upande wa mto Ruvuma, msimu ambao korosho zilikuwa nzuri na hakuwa hata na njaa ya kusingizia. Mkono uliunga vibaya, vidole havikunji ngumi mpaka leo. Baadaye akaniacha mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Eda nikaimaliza, nikapanda lori la muhogo, nikaja mjini. Kisha akataka nirudi.

Hapo ndipo kwetu panaponichosha. Mwanamume akitaka kurudiana, basi watu wote wanakuwa wake. Nimeachwa, nina ushahidi, nina mkono huu, lakini yeye akipita wanamwita shemeji. Shemeji hujambo, shemeji karibu, shemeji wa korosho vipi huko. Hakuna anayeweza kumwambia shemeji usoni kwamba hapa hutakiwi. Ni aibu. Aibu ya kwao, maumivu ya kwangu.

Basi, kisa chenyewe. Ilikuwa mchana, nilikuwa ghorofani kwa mwalimu. Huyu mwalimu ni mwanamke wa kutoka Bukoba, Mkristo, anafundisha hesabu, na watoto wa jengo zima wakisikia viatu vyake kwenye ngazi wananyamaza. Nilikuwa namfulia mapazia. Nikashuka kufuata sabuni chumbani kwangu. Nikamkuta yeye, huyo niliyeachana naye, amekaa kwenye kiti changu mlangoni kwangu, sufuria yangu mapajani, anakula muhogo wangu.

"Siku hizi chumvi unaweka kidogo," akasema. "Zamani ulikuwa unajua kupika."

Nikashika ukuta.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango. Kwani wewe unapitia dirishani?" Akaingiza mkono mfukoni akatoa tagi ya njano, akawa anaizungusha kidoleni kwa kipete chake. "Dada yangu kanitafutia. Mlango wenyewe umenikubali, ntu ngumu ni wewe tu."

Watu huniuliza mbona hukupiga kelele. Sauti haikuwepo, nifanyeje? Aliyepiga kelele ni mwalimu, alipoona sirudi akashuka mwenyewe, mikono inachuruzika povu.

"We baba, wewe ni nani?"

"Mimi mwenye mke."

"Mke gani? Mapazia yangu yako kwenye maji na anayeyafua umemsimamisha hapa. Toka."

"Mama, haya ni mambo ya ndani."

"Ndani ni kwangu. Wewe uko nje, bado hujajijua tu. Toka nasema!"

Akacheka. Akaiweka sufuria chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga yangu iliyokuwa kwenye kamba, akasema atarudi Ijumaa baada ya swala, pamoja na baba yake mdogo na dada yake, waje kunichukua kwa heshima. "Panga nguo zako mapema," akaniambia. "Nisije nikangoja juani." Akaondoka kwa miguu yake, akimuaga mlinzi.

Sasa nawataja.

Mlinzi. Nilimfuata pale kwenye kiti chake nikamuuliza kwa nini amemfungulia.

"Mama, wallahi sikubonyeza," akasema. "Kagusa mwenyewe, mlango ukalia, taa ya kijani. Nikajua nyie nshapatana. Nikamwambia karibu shemeji."

"Shemeji yako tangu lini? Si nilikuambia huyu asiingie?"

"Ulinambia nisinfungulie. Sikunfungulia. Ntu kaja na tagi yake mkononi, ntu nzima nnamwamkia shikamoo, halafu ninnyang'anye?"

Ndiyo mlinzi wetu huyo. Analinda heshima yake, mlango unajilinda wenyewe.

Wifi, yaani huyo dada wa mume. Nilikaa kitandani nikawaza hii tagi ameipata wapi, mpaka nikakumbuka msiba wa Mtawanya. Alikufa shangazi yao. Utasema msiba wa watu mlioachana nao unaenda kufanya nini? Kwetu unaenda. Usipoenda, wewe ndiye mbaya, na mkono wako uliovunjika wataanza kusema ulianguka. Na wanawake tukifika msibani pochi zote tunazikusanya chumba cha ndani, juu ya kitanda, anawekwa ndugu mmoja wa kuziangalia, wengine tunaingia jikoni. Siku ile aliyewekwa kuangalia pochi alikuwa wifi, na tagi yangu ilikuwa ndani ya pochi yangu. Na mimi nilimwona anatoka kuelekea barabarani, nikadhani anafuata chumvi.

Nilienda Mtawanya kesho yake. Pale barabarani, karibu na nyumba ya msiba, kuna kibanda cha fundi simu. Nikamwonyesha tagi yangu, ya buluu, nimeifunga uzi mwekundu.

"Hii unaijua?"

"Unataka kopi, mama?"

"Nauliza kama unaijua."

Akaishika, akaigeuza. "Uzi huu naukumbuka. Aliileta mama mmoja kajifunga kanga mbili, anahema. Akasema fanya upesi, nimeacha chungu motoni."

"Na wewe hukumuuliza ni ya nani?"

"Mama, mimi nikiuliza kila mtu kitu ni cha nani, nitafunga kibanda."

Na huyo naye nimeshamtaja.

Wa tatu, au wa nne, sijui tumefika wapi, ni msimamizi wa jengo. Kijana nadhifu, shati ndani ya suruali, simu mbili, anamwakilisha mwenye jengo kwa mambo yote. Nilimweleza kwamba mtu ana kopi ya tagi yangu na Ijumaa anakuja. Kwanza alinijibu kwamba mambo ya ndoa ofisi haiingilii. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, akamwambia kama ofisi haiingilii basi yeye ataingilia, na kodi yake atapeleka anakojua. Hapo kijana akakaa vizuri.

"Kinachotakiwa ni kupata tagi mpya na kuifuta ile ya zamani," akasema. "Na tagi ninazo. Nilishaagiza Dar."

Akatoa mfuko mzima, tagi za buluu zimemetameta kama peremende. Akajisifu alivyozichagua. Alimpelekea muuza duka picha ya tagi yetu, muuza duka akasema ni hizi hizi, zote ni kitu kimoja. Umbo lile lile, rangi ile ile, hata kipete kile kile. Nikachukua moja tukaenda mlangoni. Nikaigusisha. Kimya. Si kijani, si nyekundu, wala haikulia. Ni kama nimegusisha kifuniko cha chupa.

"Hujui kugusisha," msimamizi akasema. "Lete."

Akagusisha yeye. Kimya. Akaipangusa kwenye suruali, akagusisha tena. Akachukua nyingine mfukoni, na nyingine. Mtu wa bandarini anayekaa ghorofa ya juu akawa amesimama nyuma yetu na mfuko wa samaki, anangoja kupita.

"Bosi," akamwambia, "jaribu kuiimbia."

Tukacheka, nami nilicheka. Lakini ukiangalia vizuri mimi ndiye niliyekuwa nimebanwa. Tagi yangu ikifutwa kwenye mashine bila kupata nyingine, sina pa kuingilia isipokuwa kwa hisani ya mlinzi, na mlinzi anayenifungulia mimi ndiye anayemwita yule shemeji. Isipofutwa, Ijumaa yule anaingia kama kwake.

Jioni ile msimamizi akaniomba tagi yangu, akasema analimaliza suala mjini. Akarudi na nyingine, nyeupe. "Mpya hiyo," akasema. "Ya zamani tushaachana nayo." Nikaigusisha, ikalia, taa ya kijani, mlango ukaachia. Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, huu mzima na ule mbovu. Nikapika wali siku hiyo. Nilijua kopi zinatolewa, si nilikuwa nimetoka kuongea na fundi simu? Lakini kijana alisema mpya, na mtu aliyechoka akiambiwa limekwisha, anakaa chini.

Aliyenizindua ni mlinzi, na wala hakukusudia. Siku ya pili yake napiga deki pale ukumbini, yeye kakaa anachezea kitu mkononi. Nikaona uzi mwekundu.

"Hiyo si tagi yangu ya zamani?"

"Msimamizi kaniachia, kasema niitupe. Nnaona kipete chake kizuri." Akanyoosha mkono, akaigusisha kwenye mashine hivi hivi tu, kama mtu anayegonga meza. Ikalia. Kijani. Mlango ukaachia, upepo ukaingia, ukasukuma maji yangu ya deki.

"Si imefutwa hiyo?" nikasema.

"Ndo nnavojua mimi."

Nikaacha ndoo pale pale, nikapanda ngazi na tambara mkononi. Mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwambia ya zamani bado inafungua. Akaweka kalamu.

"Nani alisajili hii nyeupe kwenye mashine?" akaniuliza.

"Hakuna. Aliileta tu ikafungua."

"Ikafungua vipi kama mashine haijaambiwa kwamba ipo?"

Hapo tuliona wote kwamba kuna mtu katudanganya, ama kwa ujanja ama kwa ujinga. Akampigia simu msimamizi, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Kijana akazunguka, akazunguka, mwisho akasema ndiyo, alienda kwa fundi simu wa mjini, fundi akamtengenezea. Kufuta hajui kunafanywaje, kunahitaji yule fundi aliyefunga mashine, na yule fundi walishakosana kwa sababu alitaka aombwe kwa maneno ya heshima.

"Maneno ya heshima," mwalimu akarudia. "Basi nipe namba yake, mimi maneno hayo ninayo."

Fundi alikuja Alhamisi baada ya saa za kazi. Ni mtu mnene, anafunga kamera na milango ya namna hii kwenye ofisi, anatembea na begi linalolia kama sahani. Alikuwa anatafuna karanga, akatugawia. Nikamsimulia yote pale pale mlangoni, na ya mkono nikamsimulia, kwa sababu nilitaka ajue hatuchezi. Aliacha kutafuna.

"Lete hizo za msimamizi," akasema. Akaitazama moja, akaigusisha, kimya. "Hizi si mbovu. Ni kama redio, mama. Hii mashine yenu ni ya zamani, inasikia stesheni moja tu. Hizi zinaimba stesheni nyingine. Zimevaa nguo sawa, basi."

"Na hii nyeupe?"

"Hii ni tupu. Kiwandani inatoka haijui kitu. Ukiifundisha wimbo wa tagi nyingine inauimba huo huo. Huyo fundi kaifundisha wimbo wa ile yako ya zamani. Kwa hiyo mashine inajua ni ile ile. Yako, hii, na ya huyo bwana, zote kwake ni mtu mmoja."

Nilijisikia vibaya. Yaani ile tagi niliyoifurahia hata nikapika wali ilikuwa sawa na ya yule mume aliyeniacha.

"Unataka iliyotoka kiwandani na namba yake," fundi akaendelea, "namba isiyobadilika, na iwe ya stesheni hii. Tatizo begi langu limechanganyika. Ngoja tuzijaribu."

Akazimwaga juu ya kiti cha mlinzi. Mlinzi akasimama pembeni kama kanyang'anywa kiti cha ufalme. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Fundi mwenyewe alinipa moja kwa kujiamini, "hii hapa", nikagusisha, kimya. Akakuna kichwa. Nikachukua nyingine, kimya. Nyingine. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, jasho linanitoka, na kesho ni Ijumaa. Nikaanza kufikiri nitalala kwa nani, Mikindani kwa mwanangu anayekaa kule au nirudi kijijini nikafie huko. Nikagusisha ya kijivu, ndogo, imechubuka pembeni.

Mashine ikalia kwa hasira. Taa nyekundu.

"Imekataa," nikasema, machozi yakinilenga.

Fundi akapiga kofi. "Ndiyo hiyo! Hiyo ndiyo yenyewe!"

"Imenikataa, baba."

"Imekusikia, mama! Zile nyingine haikuzisikia kabisa. Hii imeisikia ila haikujui. Ni sawa na mtu kukuuliza wewe ni nani. Nzuri ni ile inayokataliwa kwanza. Inayofungua kabla hujaitambulisha, hiyo ujue kuna mtu kaitangulia."

Nikaigusisha tena kusudi nione ile nyekundu. Sijawahi kufurahi kukataliwa namna ile.

Akatoa kadi yake ya ufundi, akafanya mambo yake kwenye mashine, ikalia, akaniambia gusa, nikagusa ya kijivu, kijani. Akataka kufunga begi. Nikamshika mkono wa shati.

"Na ya zamani?"

"Aa, kweli." Akarudi. Akafuta ile namba. Nikaichukua ile yenye uzi mwekundu kutoka kwa mlinzi, nikagusisha. Nyekundu. Nikachukua nyeupe. Nyekundu. Nikarudia, buluu, nyeupe, buluu, mpaka mwalimu akaniambia utaiunguza hiyo mashine. Nilikuwa nasikiliza ule mlio. Nilitaka niuzoee.

"Na hii ya kijivu haiwezi kutolewa kopi?" nikamuuliza fundi.

Hakunidanganya. "Inaweza, mtu akiishika mkononi. Ziko za kisasa zenye siri ndani, ngumu kutoa kopi, lakini hizo mpaka mwenye jengo akubali kubadilisha mashine ya ukutani, la sivyo mtakuwa mmenunua mapambo. Mwambieni abadilishe. Kwa sasa, hii usiiweke kwenye pochi."

"Sina pochi tena," nikamwambia. Na ni kweli, misibani sasa naenda mikono mitupu, na tagi iko mahali ambapo wifi haendi.

Ijumaa ikafika. Sikwenda kazini ghorofani, mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akasema ana homa. Tulikaa ukumbini, mimi kwenye ngazi, yeye karibu na mlango na daftari lake la kusahihisha. Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake, na kile kitufe cha ndani kiko ukutani, karibu na bega lake. Hicho ndicho nilichokuwa nakitazama. Mashine nilishaimaliza, kitufe kilikuwa bado.

Walikuja na bajaji. Akashuka yeye, kavaa kanzu, kapaka na manukato. Akashuka wifi na kikapu, nadhani kilikuwa cha nguo zangu. Akashuka baba yake mdogo, mzee aliyechoka, kofia mkononi, anajipepea. Yule niliyeachana naye akaja moja kwa moja kwenye mashine, bila hata kutazama kioo, akagusisha ile tagi ya njano kwa madaha, kama mtu anayewaonyesha wenzake nyumba yake.

Nyekundu.

Akagusisha tena. Nyekundu. Akaipuliza. Wifi akamwambia geuza upande wa pili, akageuza. Nyekundu. Akaanza kuibamiza.

"Shemeji, taratibu," mlinzi akasema kutoka ndani, na mkono wake ukaanza kuinuka kuelekea kwenye kitufe. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Mkono wenyewe ulizoea. Shemeji yuko juani na mzee, mlango una hitilafu, mtu mwenye adabu anabonyeza.

Nikasimama. Nikashuka ngazi mpaka kwenye kioo, tukawa uso kwa uso, mimi na yeye, kioo katikati.

"Mlango haujaharibika," nikasema, kwa sauti ili mzee asikie. "Mimi ndiye niliyesema hiyo tagi ifutwe. Na huku ndani hamna mtu anayekungoja."

Mkono wa mlinzi ulisimama hewani. Mwalimu alikuwa anamtazama kama anavyotazama watoto wa ngazini.

"Nfungulie," yule akamwambia mlinzi. "Wewe si wannijua mimi?"

Mlinzi akanitazama mimi, akautazama mlango, akautazama mkono wake. Kisha, jamani, niliona uso wake unalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Shemeji," akasema, "mashine imekataa. Mimi nifanyeje na mashine?" Akaurudisha mkono mapajani.

Ningependa aseme, huyu mama hataki, ondoka. Hakusema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusema hivyo, tangu mchi mpaka leo, na hilo siwasamehe. Lakini siku hiyo niliipokea hata hiyo ya mashine.

Yule baba mdogo akasogea kwenye kioo. Akaniamkia kwa kichwa, nami nikamwambia shikamoo baba.

"Marahaba nwanangu. Hutaki?"

"Sitaki, baba."

"Aliniambia uko tayari. Aliniambia nguo ushapanga."

Nikamwinulia mkono wa kushoto, nikaubandika kwenye kioo, vidole vikiwa kama vilivyo. Mzee aliutazama. Akavaa kofia.

"Umenitoa nyumbani bila kula," akamwambia yule, bila kumgeukia. "Umenipakia kwenye bajaji, jua hili, kuja kugombana na mlango. Twende."

"Baba, ngoja, huyu nlinzi wa ndani a—"

"Twende! Na hicho kidude kitupe, unaaibisha watu."

Wifi ndiye aliyeanza kupanda bajaji. Alipopita mbele ya kioo nikamwambia, "Wifi, na chungu hukukiacha motoni leo?" Alinisikia, kwa sababu kikapu kilimponyoka na ikabidi arudi kukiokota. Yule mwanamume alibaki amesimama peke yake kidogo, anaitazama ile tagi ya njano kiganjani. Dereva akapiga honi. Akapanda.

Mwalimu alifunga daftari akasema homa imepona, anaomba chai. Nilichemsha maji, tukanywa tumekaa kwenye ngazi. Mlinzi naye nikampa kikombe. Sijamsamehe, lakini chai nilimpa. Akauliza kama siku ile nilimaanisha niliposema "shemeji yako tangu lini", au nilikuwa nimekasirika tu. Nikamwambia anywe.

Halafu nikaingia chumbani kwangu, nikafungua dirisha, na mlango wa chumba nikauacha wazi, upepo upite. Nikalala mchana kweupe, mimi ambaye nilikuwa nalala nimeegemeza kiti mlangoni. Waliniamsha watoto wa shule walivyokuwa wanarudi, kila mmoja anagusisha tagi yake, mlango unalia, kijani, kijani, na mimi nikawa nasikiliza bila kuinuka.